Usipoziba Ufa wa Mpira: Somo la Grisi na Uchakavu wa Viungo vya Saspensheni



Miaka michache iliyopita mwandishi wa somo hili alikuwa abiria katika gari dogo lililokuwa likitoka Mlowo kwenda Kamsamba. Tangu tulipoondoka, upande wa kushoto wa mbele ulikuwa ukitoa mlio wa kugonga kila gurudumu lilipoingia shimoni. Dereva aliusikia, nasi abiria tuliusikia. Alisema ni busha tu, angeitazama akirudi. Tulishuka mteremko wote wa kuelekea bonde la Rukwa tukiwa na mlio ule. Tulipofika tambarare, gari likiwa katika mwendo wa polepole, gurudumu la kushoto liligeuka ghafla, likalala chini ya bodi, nalo gari likasimama papo hapo.

Hakuna aliyeumia. Nilipoinama kutazama, niliona tufe la chuma limechomoka katika kikombe chake. Lilikuwa kavu, lenye kutu, na limekwaruzwa kama chungu kilichosuguliwa kwa mchanga. Mpira uliopaswa kulikinga ulikuwa umechanika siku nyingi, na ndani yake mlijaa vumbi jekundu lililoshikamana na mabaki ya grisi. Lau chuma kile kingechomoka nusu saa kabla, tukiwa bado katika kona za mteremko, huenda somo hili lisingeandikwa na mkono huu.

Ndiyo sababu ukurasa wetu wa ufundi katika toleo hili unazungumzia viungo vya saspensheni: namna vinavyolainishwa, namna vinavyochakaa, na namna mwenye gari, dereva au fundi anavyoweza kuugundua ubovu mapema. Jambo moja tunaomba msomaji aondoke nalo: kwa kawaida kiungo hakifi kwa uzee wake. Hufa siku mpira wake wa kinga unapopasuka, na baada ya hapo kilichobaki ni suala la kilomita tu.

Viungo tunavyovizungumzia

Gurudumu la mbele hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Hupanda na kushuka kufuata barabara, na hugeuka kulia na kushoto kufuata usukani. Bawaba ya kawaida, kama ile ya mlango, hufungua upande mmoja tu, hivyo haiwezi kazi hiyo. Watengenezaji wa magari hutumia kiungo chenye tufe ndani ya kikombe, mfano wa kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani ya nyonga.

Katika magari yetu viungo vya namna hii ni vitatu hasa. Cha kwanza ni boljointi, inayounganisha mkono wa saspensheni na sehemu inayobeba gurudumu. Cha pili ni tairodi endi, iliyo kwenye ncha ya fimbo inayopeleka nguvu ya usukani gurudumuni. Cha tatu ni stabilaiza linki, inayosaidia gari lisilale upande mmoja linapokata kona. Malori makubwa yanayopita katika barabara kuu ya TANZAM kuelekea mpaka wa Tunduma na Nakonde hutumia pia kingi pini na busha zake. Hizo hazina tufe, lakini sheria za grisi na vumbi ni zilezile.

Ukikipasua kiungo cha tufe utakuta vitu vinne. Kuna tufe lenyewe pamoja na shina lake, lililotengenezwa kwa chuma kilichokomazwa na kusuguliwa hadi kung'aa. Kuna ganda, mara nyingi la plastiki ngumu, linalolikumbatia tufe ndani ya kikombe. Kuna grisi. Mwisho kuna mpira wa kinga, ambao mafundi wengi huuita buti, unaofunga mdomo wa kikombe ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Mpira huo ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndio unaoamua maisha ya vingine vitatu.

Grisi hufanya kazi gani

Watu wengi hudhani grisi ni oili iliyo nzito. Sivyo. Grisi ni oili iliyoshikiliwa ndani ya sabuni maalumu, kama sponji inavyoshikilia maji. Kiungo kinapobanwa, oili hutoka kidogo kidogo na kulainisha. Kinapopumzika, sabuni huizuia isitiririke ikapotea. Sehemu kubwa ya grisi ni oili, sehemu ndogo ni sabuni, na kinachobaki ni viungio vya kuzuia kutu na kusagika.

Grisi inayouzwa zaidi katika maduka ya vipuri ni ya lithiamu. Hati miliki ya grisi ya namna hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1942 kwa mgunduzi aitwaye Clarence Earle. Wasomaji wetu wakulima watapenda kujua kwamba sabuni ya grisi nyingi za lithiamu hutengenezwa kwa asidi itokanayo na mafuta ya mbarika, yaani mnyonyo, mmea unaoota wenyewe hata kando ya nyumba zetu.

Kiungo cha saspensheni kina ugumu wake katika kulainishwa. Shafti ya injini huzunguka kwa kasi upande mmoja, hivyo huivuta oili chini yake na kuelea juu ya utando mnene, chuma kisiguse chuma. Tufe la boljointi halizunguki. Linayumba nyuzi chache kwenda na kurudi, na kila mwisho wa mwendo husimama kabla ya kugeuka. Katika kusimama huko utando wa oili hukatika. Kinachobaki ni tabaka jembamba mno lililoganda juu ya chuma, linalotokana na viungio vya grisi. Kwa hiyo kiungo hiki huishi daima karibu na mpaka wa chuma kugusana na kitu kingine. Grisi ikiwa safi, kinavumilia miaka mingi. Grisi ikichafuka, hakina akiba yoyote ya kujitetea.

Kwa sababu hiyo grisi nyingi za viungo vya saspensheni huongezewa unga wa molibdenamu disalfaidi, unaoipa rangi ya kijivu au nyeusi. Unga huo una matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine kama karata, na hubaki mahali pake hata oili inapokamuliwa na mzigo wa ghafla.

Namna kiungo kinavyochakaa

Mwaka 1953 mwanasayansi Mwingereza John Archard alichapisha kanuni ya uchakavu inayofundishwa vyuoni hadi leo. Kwa maneno mepesi inasema hivi: kiasi cha kitu kinachosagika huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka na kadiri mwendo wa kusuguana unavyokuwa mrefu, na hupungua kadiri kitu chenyewe kinavyokuwa kigumu. Ukizidisha mzigo mara mbili, uchakavu huzidi mara mbili. Dereva anayepakia abiria na magunia kupita uwezo wa gari anapaswa kuikumbuka kanuni hii, maana ndani ya boljointi hakuna msamaha.

Barabara nayo huongeza mwendo wa kusuguana. Katika njia za vumbi, mawimbi madogo yanayojitokeza juu ya changarawe yanaweza kukaribiana kwa mita moja au chini ya hapo. Tukikadiria wimbi moja kwa kila mita, gurudumu hupokea mitikisiko 1,000 kwa kilomita moja, na mitikisiko 60,000 kwa safari ya kilomita 60. Kila mtikisiko ni mwendo mdogo wa tufe ndani ya kikombe. Gari linalokwenda na kurudi kila siku katika njia kama hiyo hufanya katika wiki chache kazi ambayo gari la lami litaifanya kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, mzigo na mwendo peke yake si maadui wakubwa. Adui mkubwa ni vumbi. Ndani ya vumbi la udongo mna chembe za kwatzi, yaani mchanga mgumu. Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupanga ugumu wa madini kwa ngazi 1 hadi 10, kwatzi ipo ngazi ya 7. Chuma cha kisu cha kawaida kipo karibu na ngazi ya 5 na nusu. Tufe la kiungo ni gumu, lakini nalo halisalimiki mbele ya kwatzi, na ganda la plastiki halina ubavu kabisa. Mpira unapopasuka, vumbi huingia na kunaswa na grisi. Kile kilichokuwa kilainishi hugeuka kuwa ujiujiu wa msasa unaosaga pande zote mbili kila gari linapotikisika.

Masika yanapofika, maji hupita katika ufa uleule. Huisukuma grisi nje na kuacha chuma kitupu. Kutu huanza, na chembe za kutu nazo huwa msasa mwingine. Kwa hiyo mpira uliopasuka mwezi wa Julai huweza kukiua kiungo mwezi wa Januari, na mwenye gari akadhani kilichokiua ni tope.

Ukitaka kujua tufe linavyohitaji uso laini, zingatia mfano huu. Mwaka 2005 kampuni ya Toyota iliyaita gereji, nchini Marekani, magari zaidi ya 700,000 ya aina za Tacoma, 4Runner, Tundra na Sequoia. Sababu ilikuwa uwezekano kwamba nyuso za tufe za baadhi ya boljointi zilikwaruzwa wakati wa kutengenezwa, jambo ambalo lingeweza kuzifanya zilegee mapema. Mikwaruzo hiyo ilitokea kiwandani, kabla gari halijaona barabara. Fikiria basi mikwaruzo ya msimu mzima wa kiangazi bila mpira wa kinga.

Hesabu ya milimita moja

Baadhi ya wenye magari husema, "Inacheza kidogo tu, milimita moja haina neno." Tufanye hesabu pamoja.

Chukua gari ambalo mkono unaogeuza gurudumu una urefu wa sentimita 13, na ukingo wa tairi uko sentimita 33 kutoka katikati ya gurudumu. Tairodi endi ikilegea milimita 1, ukingo wa tairi utacheza kwa 33 gawanya kwa 13, yaani milimita 2 na nusu hivi. Gurudumu linaloelekea pembeni kwa kiasi hicho haliviringiki sawasawa na njia. Kwa kila kilomita 1 linayokwenda mbele, huburutwa kando takriban mita 7 na nusu. Kwa kilomita 100, huo ni mburuto wa mita 750 juu ya changarawe au lami.

Hapo ndipo tairi jipya linapoliwa upande mmoja na mwenye gari akamlaumu muuza matairi. Bei ya tairodi endi na mpira wake ni ndogo ukilinganisha na ya tairi, na bei ya tairi si kitu mbele ya maisha ya mtu. Wahenga hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuchagua grisi na kuitia

Viungo vya magari ni vya makundi mawili, na kuvichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi.

Kundi la kwanza ni viungo vilivyofungwa kiwandani. Havina chuchu ya grisi. Vimetiwa grisi ya kutosha maisha yao yote, kwa sharti kwamba mpira ubaki mzima. Viungo hivi haviongezwi grisi. Baadhi ya mafundi huchoma mpira kwa sindano na kusukuma grisi ndani. Tundu la sindano hubaki kuwa mlango wa vumbi, na grisi ikizidi huuvimbisha mpira hadi ukachomoka kwenye ukingo wake.

Kundi la pili ni viungo vyenye chuchu ya grisi. Hivi hupatikana katika malori na katika baadhi ya magari madogo ya kazi. Hivi vinahitaji grisi mara kwa mara, na utaratibu wake ni huu:

1. Futa chuchu kwa kitambaa safi kabla ya kushika bomba la grisi. Uchafu ulio juu ya chuchu ukisukumwa ndani, umekitia kiungo sumu kwa mkono wako mwenyewe.

2. Sukuma polepole. Kwa kiungo chenye mpira, acha mara unapoona mpira umeanza kujaa au grisi ya zamani imeanza kutoka. Kwa kingi pini, endelea hadi grisi mpya, safi, itokeze.

3. Kwa malori, inua ekseli ya mbele kwa jeki na kuiegemeza kabla ya kutia grisi kwenye kingi pini. Mzigo ukiwa juu yake, grisi haifiki upande uliobanwa, ambao ndio unaoihitaji.

4. Futa grisi iliyobaki nje. Grisi ya nje hailainishi chochote. Hukusanya vumbi tu.

Kuhusu aina ya grisi, kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kwa viungo vingi, grisi ya lithiamu yenye namba 2 ya uzito hufaa, na yenye molibdenamu ni bora pale mtengenezaji anapoiruhusu. Usichanganye grisi za sabuni tofauti bila kujua kama zinapatana. Zisizopatana huweza kuyeyuka na kutiririka nje, hata kama kila moja ikiwa peke yake ilikuwa nzuri. Rangi si kitambulisho. Soma maandishi ya kopo.

Namna ya kukagua

Ukaguzi wa viungo hauhitaji mashine kubwa. Unahitaji macho, mikono, jeki, stendi imara na mtu wa pili. Egesha gari mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake au mawe.

Anza na macho. Tazama kila mpira kwa tochi, pande zote. Tafuta ufa, tundu, mpira uliochomoka, au grisi iliyoruka na kunasa vumbi pembeni. Ukiona kimojawapo, kiungo hicho kimo katika safari ya kufa hata kama hakijaanza kucheza.

Pili, kagua tairodi endi. Gari likiwa chini, mwenzako achezeshe usukani kidogo kulia na kushoto. Wewe weka kiganja juu ya kiungo. Mkono utahisi mgongano kabla ya jicho kuuona. Fimbo ikisogea na sehemu ya gurudumu ikachelewa kuifuata, kiungo kimelegea.

Tatu, kagua boljointi. Hapa mahali pa kuweka jeki ni muhimu. Kama springi imekaa juu ya mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huohuo, karibu na gurudumu, ili kiungo kipumzike. Kama gari lina springi iliyoizunguka shokapu, inua mwili wa gari na uache gurudumu lining'inie. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise, na mwenzako aweke mtarimbo chini ya tairi na kulinyanyua polepole. Mchezo wowote unaozidi kiwango cha kitabu cha gari ni amri ya kubadilisha.

Nne, usichanganye boljointi na beringi. Tairi likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ulitikise tena. Mchezo ukiisha, ubovu umo kwenye beringi ya gurudumu. Mchezo ukibaki, tafuta katika viungo.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara

La kwanza ni kumwagia viungo oili chafu ya injini ili kunyamazisha mlio. Oili hiyo haifiki ndani ya kiungo kilichofungwa. Inachofanya ni kuvimbisha na kudhoofisha baadhi ya mipira, na kuvuta vumbi. Mlio ukinyamaza kwa siku mbili, hatari haijaondoka; imepoteza sauti tu.

La pili ni kukibana kikombe cha boljointi iliyolegea kwa nyundo au mashine ili kishike tena. Tufe lililochakaa si duara tena. Limelika zaidi katika sehemu linayotumia gari likienda moja kwa moja. Ukilibana litakaza kwenye kona na kulegea kwenye njia iliyonyooka, au litakatika shingo.

La tatu ni kuchomelea. Chuma cha tufe na shina lake kilikomazwa kwa moto wa kipimo maalumu. Moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo sehemu moja na kuacha chuma cha kuvunjika kama biskuti sehemu nyingine. Kiungo cha usukani hakichomelewi.

La nne ni kufunga kiungo kipya kwa kotapini ya zamani, au bila kotapini kabisa, na kukaza nati kwa kukisia badala ya spana ya kipimo.

La tano ni kubadilisha tairodi endi na kuondoka bila kupima uelekeo wa magurudumu. Fundi mwangalifu huhesabu mizunguko ya uzi anapoifungua, ili airudishe karibu na ilipokuwa, kisha humpeleka mteja kwenye kipimo cha alaimenti.

Hapa tuongeze neno kwa vijana wanaopenda kubadilisha magari yao. Ziko rodi endi za wazi, zisizo na mpira, zinazotumika katika magari ya mashindano. Hizo ni nyepesi na hazina ulegevu, lakini magari yale hukaguliwa baada ya kila shindano na viungo hubadilishwa mapema. Kuzifunga kwenye gari la kila siku katika vumbi letu ni kununua kiungo ambacho mpira wake umeshapasuka tangu dukani.

Kalenda ya misimu yetu

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwezi wa Novemba hadi Aprili hivi, na kiangazi kirefu katikati. Kalenda ya ukaguzi inaweza kufuata majira hayo.

Mwezi wa Mei, mvua zinapokatika, osha chini ya gari na ukague mipira yote. Ubovu uliofanywa na tope hugunduliwa wakati huu. Unapoosha kwa mashine ya presha, usielekeze mdomo wa maji kwenye mipira. Maji yenye nguvu hupenya ukingoni na kubaki ndani. Viungo vyenye chuchu vitiwe grisi mpya baada ya kuosha, ili maji yaliyoingia yasukumwe nje.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, kagua tena. Ufa uliotokea wakati wa vumbi uzibwe kwa kubadilisha mpira au kiungo kabla maji hayajafika. Kama kiungo bado hakichezi na mpira umepasuka hivi karibuni, yapo magari ambayo mpira wake huuzwa peke yake. Kiungo husafishwa, hutiwa grisi safi na kuvikwa mpira mpya. Kama kimeshaanza kucheza, mpira mpya ni sanda tu.

Magari yanayofanya kazi kila siku katika njia za vumbi, kama zile zinazobeba abiria, mazao na wachimbaji, yasingoje miezi sita. Dereva ayatazame kila anapobadilisha oili ya injini.

Wajibu na fursa

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuendeshwa barabarani, na ubovu wa viungo vya usukani ni katika ubovu mzito kabisa. Lakini askari wa usalama barabarani hawezi kuinama chini ya kila gari. Anayeishi na gari ndiye anayesikia mlio wake wa kwanza. Abiria nao wana sauti: mlio wa kugonga mbele ya gari ukisikika, ni haki yenu kumwomba dereva asimame na kutazama. Sisi tuliokuwa njiani kwenda Kamsamba hatukuomba.

Madereva wa magari ya umma, na hasa wa magari ya wagonjwa, wanakumbushwa kuandika milio na ulegevu katika daftari la gari siku hiyohiyo, ili matengenezo yaombwe mapema kupitia utaratibu wa TEMESA. Gari la wagonjwa halichagui siku ya kuitwa, na mama mjamzito aliyelala ndani yake hana namna ya kukagua boljointi.

Kwa mafundi waliojifunza kazi gereji bila kupita chuoni, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa anachokijua na kupata cheti kinachotambulika. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyotaka kununua vifaa kama jeki, stendi, bomba la grisi na spana za kipimo vinaweza kuuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini utando wa oili hukatika ndani ya boljointi kuliko kwenye shafti ya injini inayozunguka?

2. Vumbi lililonaswa na grisi linafanya kazi gani, na kwa nini chuma kigumu nacho hukwaruzwa?

3. Tairodi endi imelegea milimita 2. Kwa vipimo tulivyotumia hapo juu, ukingo wa tairi utacheza kiasi gani, na gurudumu litaburutwa kando mita ngapi kwa kilomita 1?

4. Tairi linacheza, lakini breki ikikanyagwa mchezo unaisha. Ubovu uko wapi?

5. Gari lako lina viungo visivyo na chuchu ya grisi. Fundi anataka kuvichoma sindano. Utamjibu nini?

Majibu ya swali la tatu ni milimita 5 na takriban mita 15. Majibu ya maswali mengine yamo ndani ya somo.

Kabla ya kuliweka jarida hili pembeni, msomaji mwenye gari anaombwa kufanya jambo moja dogo. Chukua tochi, inama mbele ya gurudumu la kushoto, kisha la kulia, utazame mipira minne ya mwanzo utakayoiona. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Ikiwa yote ni mizima, shukuru na uweke alama ya Mei na Oktoba kwenye kalenda yako. Ikiwa mmoja una ufa, umepata habari mapema.